Aliyerudiwa na uzito asikate tamaa

SIFA zote njema anazistahiki Allah (Subhaanahu wa Taala), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo zuri na akamkabidhi mwili wake kuwa ni amana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo ni nadra kusikika katika mimbari zetu, nalo ni jitihada ya kupunguza uzito wa mwili, na hasa ule wakati mgumu ambapo mtu amejitahidi, amefanikiwa, kisha akajikuta amerudi pale pale alipoanzia.

Kilichotusukuma ni swali la ndugu yetu mmoja wa Endasak, wilayani Hanang, mkoani Manyara. Yeye ni mnunuzi wa nafaka. Hukusanya mahindi, maharage, mbaazi na alizeti kutoka kwa wakulima na kuyasafirisha. Alipofikia umri wa miaka 47 daktari alimpima akamwambia kwamba sukari yake ipo mpakani, na kwamba asipopunguza uzito ataingia katika ugonjwa wa kisukari. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa kuwa mama yake mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo kabla ya kufariki dunia. Akajitahidi, na katika miezi minne akapunguza kilo 9. Ukaja msimu wa mavuno, zikaja safari za Katesh na Babati, ukatokea msiba katika ukoo, ikafuata Sikukuu, na kilo zote 9 zikarudi. Akaanza tena, akapunguza 6, zikarudi 8. Sasa anatuuliza: Je, huu si mwili alioandikiwa na Mola wake? Na kama ni hivyo, si bora aache kujisumbua?

Swali hili lina sehemu mbili, moja ya imani na nyingine ya mwili. Tutazijibu zote mbili, kwani tunaamini kuwa wapo wengi wenye swali hili ambao hawakuthubutu kuliuliza.

Jambo hili si dogo

Wapo watakaosema kuwa kitambi ni jambo la kuchekesha na halistahili kuandikiwa makala. Tunawaomba watazame hesabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989, Profesa Donald McLarty na wenzake walipima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania, wakakuta kwamba wenye kisukari hawafiki hata mmoja katika kila watu 100. Mwaka 2012 ulifanyika upimaji wa kitaifa wa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, na humo wenye kisukari walikuwa asilimia 9.1, huku takribani robo ya waliopimwa wakiwa na shinikizo la juu la damu. Tafiti hizo mbili hazikupima watu wa rika moja wala kwa njia moja, kwa hiyo haifai kuzilinganisha kama mtu anavyolinganisha bei ya jana na ya leo. Hata hivyo, mwelekeo wake unaonekana bila miwani. Nao utafiti wa afya ya uzazi na viashiria vya malaria wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia.

Tusidhani kuwa hayo ni ya Dar es Salaam peke yake. Mtu wa Endasak wa miaka arobaini iliyopita alikwenda shambani kwa miguu, akaswaga ng'ombe kwa miguu, na alipotaka kufika mnadani alitembea. Leo barabara ya lami kutoka Babati kwenda Singida inapita pale, bodaboda inamchukua mtu mlangoni kwake na kumshusha mlangoni aendako, na mahali palipokuwa na maziwa ya mgando pamewekwa jokofu la soda. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ipatayo vijiko tisa vya chai. Mfanyabiashara anayekaa juu ya magunia kuanzia asubuhi hadi jioni, akanywa soda mbili na vikombe vitatu vya chai tamu, ameshakula sukari ambayo babu yake hakuila kwa wiki nzima. Hakuna aliyemlazimisha, lakini pia hakuna aliyemtahadharisha.

Dini yetu ilikwishatahadharisha zamani. Katika Surat al-A'raf, aya ya 31, Allah (SW) ametuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Mtume (Rehema na amani za Allah zimshukie), katika Hadithi iliyopokewa na Miqdam bin Ma'diykarib na kutolewa na Imam Tirmidhi, ametufundisha kwamba tumbo ni chombo kibaya kukijaza, kwamba matonge machache ya kumsimamisha mtu yanamtosha, na kwamba mwenye kutaka zaidi basi aligawe tumbo lake mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Salman (Allah amridhie) alimkumbusha nduguye Abu Dardaa kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe, na Mtume akasema kuwa Salman amesema kweli. Kwa hiyo mwenye kupigana na uzito unaomhatarisha yumo katika kuilinda amana, wala asione haya kwa hilo.

Je, ni kadari?

Tukirudi kwenye swali la ndugu yetu, ni kweli kwamba kila kitu kimo katika kadari ya Allah. Lakini kadari haikuwekwa iwe mto wa kulalia. Khalifa Umar bin al-Khattab (Allah amridhie) alipokuwa akielekea Sham na kusikia kuwa huko kumeingia tauni, aliamua kurudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, jibu lake lilikuwa kwamba anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Maradhi ni kadari, na tiba ni kadari. Njaa ya mwili ni kadari, na akili ya kuitawala ni kadari vilevile. Ndugu yetu hajui ameandikiwa nini kesho. Anachokijua ni kile alichoamrishwa leo, nacho ni kuilinda nafsi yake.

Hata hivyo, katika maneno yake kuna ukweli mmoja ambao hatupaswi kuupuuza. Anahisi kwamba mwili wake unashindana naye, na kwa hakika ndivyo ulivyo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, nchini Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 wenye uzito mkubwa waliopewa chakula kidogo sana kwa wiki kumi. Uzito ulipungua. Lakini mwaka mmoja baadaye, homoni zinazoleta njaa na zile zinazoleta shibe zilikuwa bado hazijarudi katika hali yake ya awali, na watu wale walikuwa wanasikia njaa zaidi ya walivyokuwa kabla ya kuanza. Mwili ulikuwa unadai ulichonyang'anywa. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wetu uihifadhi akiba dhidi ya miaka ya njaa, na hiyo ni rehema kubwa kwa watu walioishi katika njaa. Kwetu sisi tulioketi karibu na jokofu, rehema hiyo imekuwa mtihani.

Faida ya kulijua hili ni kwamba linamwondolea mtu lawama isiyo ya haki. Aliyerudiwa na kilo 9 si lazima awe mlafi au asiye na imani. Alipambana na kitu chenye nguvu bila kujua kuwa mapambano hayo hayaishi siku anayofikia uzito aliokusudia. Alidhani amefika, akavua silaha. Hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Jirani zetu Wahadzabe wanatufundisha jambo jingine. Wanaishi kando ya Ziwa Eyasi na katika Bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, na bado wapo miongoni mwao wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 mtaalamu Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu inayotumiwa na miili ya watu wazima 30 wa jamii hiyo. Wanaume walikuwa wanatembea takribani kilometa 11 kwa siku, na wanawake karibu 6. Jambo lililowashangaza watafiti ni kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nguvu waliyoitumia kwa siku haikuwa kubwa kuliko ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa vitini. Mwili unapofanya kazi nyingi upande mmoja hubana matumizi upande mwingine. Maana yake ni kwamba mwenye kutembea kwa nusu saa kisha akajizawadia sahani ya chipsi mayai na soda atakuwa anajichosha bure. Kutembea ni dawa ya moyo, ya sukari na ya usingizi, nako husaidia sana kuzuia uzito uliopungua usirudi. Lakini mlango mkuu wa uzito ni mdomo.

Hila ya neno "nimeshaharibu"

Sasa tuingie katika kiini cha nasaha yetu. Tukiitazama habari ya ndugu yetu, tunaona kwamba kilichorudisha kilo zake hakikuwa ile siku ya msiba aliyokula pilau sahani mbili. Sahani mbili za pilau hazileti kilo 9. Zililetwa na wiki nyingi zilizofuata, ambazo ndani yake alikuwa anajiambia: "Nimeshaharibu, basi tena."

Wanasaikolojia wamelichunguza neno hilo. Mwaka 1975 Peter Herman na mwenzake waliwapa wanafunzi wa kike kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha wakawawekea aiskrimu wale kiasi wanachotaka. Wale ambao kwa kawaida hawajizuii kula walipunguza aiskrimu, kwa kuwa walikwishashiba. Lakini wale waliokuwa wakijizuia walikula zaidi baada ya kinywaji kile kuliko wenzao wa namna yao ambao hawakukinywa. Kwa nini? Kwa sababu walijiona wamekwishavunja mpango wao wa siku ile, na kilichovunjika hakina haja ya kuchungwa.

Ndugu msomaji, je, hila hii ni ngeni kwetu? Ndiyo ile ile anayoitumia shetani kwa mwenye kukosa swala ya alfajiri, akamwambia siku imekwishaharibika, basi na adhuhuri aiache. Dini imemfunza muumini kwamba anapokosea anarudi pale pale, wala hasubiri mwezi mpya, mwaka mpya wala Ramadhani ijayo. Katika Surat az-Zumar, aya ya 53, waja waliojidhulumu wenyewe wanakatazwa kukata tamaa na rehema ya Mola wao. Ikiwa mlango haufungwi kwa aliyezama katika madhambi, utafungwaje kwa aliyekula maandazi manne?

Imam Muslim ametoa Hadithi ya Abu Hurayra (Allah amridhie) ambayo tunaiona ni dawa mahsusi ya maradhi haya. Mtume (Rehema na amani za Allah zimshukie) ameeleza ubora wa muumini mwenye nguvu, akahimiza kushikilia lenye manufaa, kumtaka Allah msaada na kutolegea. Kisha akakataza kwamba mtu akipatwa na jambo asiseme laiti ningelifanya hivi ingekuwa vile, kwa sababu neno hilo la laiti humfungulia shetani mlango wa kazi. Mpangilio wake ni wa ajabu: jitahidi, omba msaada, usilegee, na ukiteleza usikae kuitazama alama ya mteremko.

Elimu ya leo inakubaliana na hilo. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London walichapisha utafiti wa watu 96 waliojizoeza jambo jipya la kula, kunywa au kufanya mazoezi kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo kuwa mazoea, ingawa wengine walihitaji siku 18 tu na wengine ilikadiriwa wangehitaji 254. Na walipotazama wale walioruka siku moja, waliona kwamba siku hiyo moja haikuharibu ujenzi wa mazoea yao. Kinachobomoa ni kuacha kurudi.

Mfano kutoka Mbulu

Watu wa Mbulu na Hanang hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kurudi baada ya kuanguka. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya mji wa Mexico, mwanariadha wa Tanzania John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alianguka katikati ya mbio za marathoni, akaumia goti na bega. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa muda wa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limeingia, mguu umefungwa bandeji, watazamaji wachache wamebaki. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa mwisho wao. Wengine 18 walioanza hawakumaliza kabisa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio na siyo kuzianza tu.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi, na sisi hatutaki kuirudia kwa ajili ya machozi. Tunataka msomaji atazame kipande ambacho kwa kawaida hakisimuliwi. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari yule yule alikimbia tena marathoni, akashika nafasi ya tano kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Yaani alikimbia kwa kasi kuliko mshindi wa Mexico, ingawa hali ya hewa na mwinuko wa miji ile miwili havifanani. Lau angeichukua siku moja ya Mexico kuwa ndiyo hukumu ya maisha yake, ya Edinburgh yasingekuwapo. Ndugu yetu wa Endasak amekwishaanguka mara mbili. Bado anayo Edinburgh yake.

Jamii nayo ina deni

Hatutakuwa waadilifu tukimwelekezea yeye peke yake maneno haya yote. Wapo wanaomrudisha nyuma, nao ni sisi jamaa zake, majirani zake na waumini wenzake.

Kwanza ni fikra kwamba unene ni dalili ya neema, na kwamba mke akipungua basi mumewe hamlishi. Pili, na hili ni zito zaidi, ni shaka inayomwandama anayepungua. Nchi za Afrika Mashariki zilipopata pigo la ukimwi katika miaka ya 1980, kukonda kuligeuka kuwa tangazo. Uganda ugonjwa ule ulipewa jina lililotokana na wembamba. Jeraha hilo halijapona. Hata leo mtu akipungua kilo 5 kwa juhudi yake, atakutana na wanaomvuta pembeni na kumuuliza anaumwa nini. Ndugu yetu ametueleza kwamba alipopungua zile kilo 9, mteja wake mmoja alisita kumkopesha magunia, kwa kuhofia kwamba hataishi kulipa. Huyo atawezaje kufurahia mafanikio yake?

Tatu ni kulazimishana chakula. Ukarimu ni sunna, na kumkirimu mgeni ni katika imani. Lakini kumwapia mtu ale sahani ya pili, hali amesema ameshiba na daktari amemkataza, siyo ukarimu. Katika misiba yetu, walima zetu na futari zetu, wali na nyama ya mafuta hujaa sinia, na mboga za majani huonekana kama tusi kwa mgeni. Familia ambayo baba yao ana sukari ya mpakani haina udhuru wa kumpikia peke yake mchicha huku wao wakikaanga mbele yake. Chakula kinachomfaa yeye kinawafaa wote.

Nne ni dhihaka. Bi Aisha (Allah amridhie) amesimulia, katika Hadithi iliyotolewa na Imam Abu Dawud, kwamba walipokuwa safarini alishindana mbio na Mtume, akamshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, walishindana tena, na safari hii Mtume akashinda, akamwambia kuwa hii ni badala ya ile. Tazama adabu iliyomo humo. Unene wa mkewe haukufanywa kichekesho mbele ya watu wala haukumzuia kumwalika kukimbia. Mume na mke walikuwa wanakimbia pamoja. Ni waume wangapi miongoni mwetu wanaowasema wake zao kwa unene, lakini hawajawahi kuwaambia: twende tukatembee?

Yapi ya kufanya

Kwa ndugu yetu na wenzake, tunatoa nasaha hizi chache, ambazo tumezipima kwa mizani ya dini na ya elimu.

Kwanza, apunguze lengo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye watu zaidi ya 3,200 waliokuwa na sukari ya mpakani kama yake, uliweka lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 95 hizo ni kilo zisizofika 7. Waliofuata njia hiyo walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Walipofuatiliwa kwa miaka kumi, sehemu kubwa ya uzito ilikuwa imewarudia wengi wao, na bado uwezekano wao wa kuugua ulikuwa chini kwa asilimia 34. Habari hii tunaitoa kwa mkazo: juhudi iliyofuatiwa na kurudiwa haikupotea bure. Miezi ile minne ya ndugu yetu nayo ina hesabu yake.

Pili, aanze na kinywaji. Soda ziondoke, na sukari ya chai ipungue kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ili ulimi uzoee. Kisha ugali wa dona uchukue nafasi ya sembe, tonge zipungue, maharage, mbaazi na majani ya maboga yaongezeke. Vyakula hivi vyote vinalimwa Hanang, na yeye mwenyewe ni mfanyabiashara wa baadhi yake.

Tatu, awe na mpango wa siku mbaya kabla haijafika. Msiba utatokea, Sikukuu itafika, safari ya Babati haiepukiki. Aamue mapema: sahani moja, maji badala ya soda, na mlo unaofuata urudi kama kawaida. Hana haja ya kujiadhibu kwa kushinda na njaa kesho yake, kwa kuwa njaa hiyo ndiyo italeta ulafi wa jioni.

Nne, ajipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, aandike. Mizani ni mashahidi, haina chuki. Ikipanda kilo 2 ajirekebishe akiwa bado karibu, asisubiri zifike 8. Wanaojiepusha na mizani kwa woga ni kama mfanyabiashara anayekataa kufungua daftari la madeni.

Tano, achague kidogo kinachodumu. Bi Aisha amepokea kwa Mtume kwamba amali zipendezazo zaidi kwa Allah ni zile za kudumu hata zikiwa chache, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Kutembea kwenda msikitini na kurudi, mara mbili kwa siku, badala ya kupanda bodaboda, kunadumu kuliko kukimbia kuelekea Mlima Hanang kwa siku tatu kisha kulala wiki.

Sita, ajihadhari na wauzaji wa miujiza. Ziko dawa za kupunguza unene zinazotembezwa kwa jina la majani au chai. Katika nchi mbalimbali, baadhi ya dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, ambayo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Zipo pia sindano mpya zinazotolewa na madaktari, ambazo kweli hupunguza uzito. Lakini utafiti wa mwaka 2022 kuhusu mojawapo ulionyesha kwamba waliosimamisha walirudiwa na theluthi mbili ya kilo walizopunguza ndani ya mwaka mmoja. Basi hata mwenye uwezo wa kuzinunua hajasamehewa kubadili mwenendo, na asizitumie bila daktari.

Neno kuhusu swaumu

Wengi hutuuliza kama waifanye swaumu kuwa njia ya kupungua. Swaumu ni ibada, na nia yake ni kwa ajili ya Allah. Manufaa ya mwili ni fadhila inayofuata. Tafiti zilizokusanywa zinaonyesha kuwa mfungaji wa Ramadhani hupungua kwa wastani wa kilo moja au zaidi kidogo, na kwamba sehemu kubwa hurudi wiki chache baada ya Idi. Sababu haijifichi. Tunafunga mchana, kisha usiku tunalipa deni kwa kaimati, sambusa na viazi vya nazi. Mwenye kutaka mwenendo wa kudumu anazo Jumatatu na Alhamisi, nazo siku tatu za katikati ya kila mwezi wa Kiislamu, kwa futari ya kiasi. Lakini anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini, asifunge kabla ya kumwona daktari, kwa maana sukari inaweza kushuka ghafla ikamuua. Allah ametoa ruhusa kwa mgonjwa, na ruhusa hiyo ni sehemu ya dini.

Ndugu yetu wa Endasak, hukuandikiwa kushindwa. Uliandikiwa kujaribiwa, na jaribio lako la tatu lina kitu ambacho la kwanza halikuwa nacho: sasa unamjua adui yako, unayajua majira yake, na unaijua hila ya neno lile. Leo ni Ijumaa. Ukila chakula cha mchana baada ya swala, kula theluthi. Ukisahau ukala zaidi, theluthi ipo katika chakula cha jioni.

Tunamuomba Allah atujaalie afya ya kumuabudia, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia kwa maradhi haya, na atupe subira ya kurudi kila tunapoteleza. Amin.

Wabillahi tawfiq.